Hospitali Wananiita kwa Ajili ya Moyo, Mume Wangu Nimemwambia Wameahirisha

Mshauri mpendwa,

Sijui nikuite dada au nikuite mwanangu, maana picha yako pale juu ya ukurasa ni ndogo na miwani yangu ni ya zamani, lakini nimekusoma miaka mingi, nimekuona ukiwatuliza wasichana na kuwakaripia wanaume wazima na ndevu zao, sasa leo na mimi nimekuja, nina miaka sitini na mitatu, nina wajukuu, nina mume, nina moyo mbovu, na nina uongo mmoja ambao kila kukipambazuka unaamka kabla yangu, nakuomba unishike mkono.

Nianze na huo moyo. Utotoni niliugua homa iliyonikaza viungo vyote, wakubwa wakasema imepita, kumbe ilipopita iliacha alama ndani, na kile kimlango cha moyo ambacho wenyewe hospitalini wanakiita vali kikawa kinakaza kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, mimi nazaa, nafanya kazi, nacheza dansi, sina habari, mpaka nilipoanza kusimama katikati ya ngazi za nyumba yetu nikijifanya natazama dirishani, kumbe natafuta pumzi. Sasa nalala nimeegemea mito mitatu, jioni miguu imevimba kama si yangu, na wakati mwingine moyo unakimbia kama cherehani isiyo na kitambaa. Daktari wa moyo, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya upole, alinichorea kwenye karatasi, akaniambia hawatanipasua kifua, watapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, na kwenye ncha ya mrija kuna kiputo, watakijaza kikipanue kile kimlango, kisha watakitoa, akaniambia, "Mama, hili si jambo la kuweka kabatini." Nikamjibu sawa daktari, nipangie siku. Haikupita muda ugonjwa huu wa mlipuko ukaingia na kutufungia milango.

Hospitali wenyewe waliendelea kunikumbuka, ila hospitali yenyewe si ile tuliyoijua, mshauri. Nilipojifungua binti yangu, wodi ilikuwa kama nyumba yenye harusi, kengele ya saa ya kuona wagonjwa ikilia watu wanaingia kwa mafungu, chupa za chai, mabakuli yamefungwa kwa vitambaa, mashangazi wanabishana mtoto kachukua pua ya upande gani, na mama yangu, Mungu amrehemu, alitandika mkeka chini ya kitanda changu akagoma kuondoka, muuguzi mkuu akimtoa mlango wa mbele anarudi kwa mlango wa jikoni, na mwanamke wa kitanda cha pili ambaye hakuwa na mtu mama alimlisha uji kijiko kwa kijiko kana kwamba ni wake, mpaka tulipotoka tulikuwa tumepata ndugu. Leo naambiwa njoo peke yako, begi dogo, barakoa mdomoni, msindikizaji mwisho getini, utapimwa puani, ukiwa huna ugonjwa utaingia wodini, hakuna kuja kuonwa, na habari zako watu wako watazipata kwa simu.

Kwa simu! Mshauri, mume wangu ni kiziwi.

Ili ujue neno hilo limenichoma wapi lazima nikurudishe nyuma. Mimi nilikuwa opareta wa simu, chumba chetu kilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo la posta, wasichana tumekaa mstari mmoja mbele ya ubao mrefu wenye matundu na vijitaa, visikilizio kichwani, mikono inapishana kuchomeka nyaya, kijitaa kikiwaka unasema "Namba tafadhali," ukishaunganisha unasema "Endelea," na msimamizi wetu tuliyembandika jina la Mama Kimya anapita nyuma ya viti na viatu vyake vya mpira, usimsikie mpaka uhisi pumzi yake shingoni. Harufu ya chumba kile, nyaya zilizopata moto na poda na chai iliyopoa, ikinijia leo naweza kukaa chini nikalia. Mimi kiti changu kilikuwa cha saba, na mwenzangu wa kiti cha sita tulimwita Kicheko, kwa sababu alijua kucheka kwa mabega tu bila kutoa sauti, na mshahara wa kwanza tulikwenda naye kununua viatu vya aina moja tukavivaa siku moja, Mama Kimya akasema sasa nyinyi mmekuwa ng'ombe wa jembe.

Basi kila alasiri ilikuja simu kutoka kambi ya wapima ardhi, mbali huko ambako waya ulikuwa mmoja tu, kijana anaomba aunganishwe na ofisi kuu asome vipimo vyake vya siku, na sauti yake ilikuwa nzito na taratibu kama mtu anayemimina asali. Mara ya kwanza aliuliza, "Naongea na nani?" nikamjibu kwa sheria, "Kiti cha saba," na tangu siku hiyo nikawa Saba. Ofisi kuu wakichelewa kupokea ananiuliza, "Saba, huko kwenu mvua imenyesha?" nami najibu, "Mpigaji, hii ni laini ya kazi," huku Kicheko mabega yanamcheza, na ofisi kuu ikawa inachelewa sana kupokea, sijui kwa nini. Tulipendana mwaka mzima bila kuonana sura. Siku aliyokuja mjini akasimama mlangoni na kofia mkononi, mimi nilikuwa nimemchora kichwani mrefu kama mnazi, nikamkuta mfupi, tena na masikio makubwa, nikashindwa kujizuia nikacheka, yeye akasema, "Sauti sikuibadilisha lakini." Nikaolewa na sauti ile.

Masikio yale makubwa yamemwishia polepole, kwanza la kulia halafu la kushoto, na kile kifaa cha kupachika sikioni kilikuwa kinampigia mluzi siku nzima, akakitupa kwenye droo na betri zake. Nyumbani tunaelewana kwa midomo, ananitazama nami nasema taratibu, hata kuzozana inabidi tuzozane tumetazamana, jambo ambalo nakuambia kweli limetupunguzia ugomvi. Lakini tangu zije barakoa dunia imemnyamazia, dukani, benki, kwa kinyozi, watu wote wamefunika midomo, wanamsemesha anabaki kutabasamu tu kama mgeni, amebaki na mimi ninayevua barakoa nikishafunga mlango. Sasa mimi niingie hospitali, yeye abaki na simu isiyomfaa, nikifa kule atajulishwa na nani, atamsoma nani mdomo?

Na kufa sikukutunga, mshauri, nimekuona kwa Kicheko. Alikwenda hospitali mwanzoni mwa janga hili kwa ajili ya kidonda cha mguu, kisukari hicho, akaingia kwa miguu yake huku akitania kwamba anakwenda kupumzika mapishi, na hukohuko akaupata ugonjwa, hatukumwona tena. Muuguzi mmoja mwenye huruma alimshikia simu sikioni ili tuagane, sikusikia neno lake hata moja, nilisikia pumzi tu, na mimi niliyewaunganisha watu ujana wangu wote nikashika simu, nikajikuta namwambia, "Endelea, Kicheko, endelea." Tulimzika watu wachache, tumesimama mbalimbali kama nguzo za simu, hakuna aliyemshika mwenzake. Yupo pia seremala wa mtaa wa nyuma aliyebanwa kifua akakataa kwenda kupimwa, akisema hospitali ndiko mauti yanakogawiwa, naye tumemzika mwezi uliopita, lakini yule alikuwa mtu mzima na mbishi tangu zamani.

Sasa uongo wangu. Hospitali walinipigia kunipa siku, mume wangu amekaa mbele yangu anaunga waya wa pasi uliokatika, na mimi niliposikia sauti ya yule binti wa hospitali nikainuka, nikaenda dirishani nikampa kisogo asinisome midomo, nikamwambia yule binti kwamba sitaweza kuja, wampe mwingine nafasi. Halafu nikageuka, nikamtazama mume wangu machoni, nikasema taratibu kabisa aelewe vizuri, "Wameahirisha." Akasema, "Basi tushukuru, mambo yakitulia watakuita," akaenda kunitengenezea chai. Na kila asubuhi ananiuliza, "Wamepiga?" nami natikisa kichwa.

Binti yangu mwalimu, yeye najua atasema mama nenda, kwa hiyo sijamwambia. Kijana wangu nilimdokezea, akasema, "Mama, subiri upepo upite," nikampenda siku hiyo kuliko dada yake. Lakini juzi hospitali wamepiga tena, yule daktari mfupi mwenyewe, akasema ana nafasi wiki ijayo na hataki kuipa mtu mwingine mpaka asikie kutoka kwangu, foleni ni ndefu, nikamwambia nitampigia. Sijampigia. Niende nikafie kwenye wodi isiyo na mtu wangu, au nikae na mume wangu mpaka upepo upite? Na nikienda, nitamwambia nini mtu ambaye nimempa kisogo?

Ni mimi,
Saba

*

Saba, dada yangu,

Niite dada. Mwaka niliozaliwa tuuache ulipo.

Barua nyingi zinazofika hapa zinaweza kungoja zamu. Mume kanunua pikipiki bila kuniambia, shemeji haondoki kwangu, hayo hayaozi. Yako inaoza. Kwa hiyo majibu haya nimempa tarishi akuletee mlangoni leo, na gazeti litafuata likipenda.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Hata mimi niliwahi kusimama kwenye kibanda cha simu jioni nikiwa msichana, sarafu zimelowa jasho kiganjani, nikingoja sauti kama yako iniambie "Endelea." Inawezekana kabisa wewe ndiye uliyenikatia siku ile nilipokuwa karibu kusema jambo la maana, na kama ndiye, nimekusamehe, kijana mwenyewe hakuwa lolote. Nakuelewa unapolilia mikeka na chupa za chai na mama mzazi anayerudi kwa mlango wa jikoni. Ni nani asiyezililia siku hizo? Lakini tukizililia, tuzililie zote. Katika hospitali ileile ya harusi na vicheko, mtu mwenye kimlango kama chako alipewa vidonge na pole akarudishwa nyumbani. Mrija haukuwepo, kiputo hakikuwepo. Mama yako, angesikia kwamba kipo kitu cha kumwokoa binti yake kwa kupitia mshipa wa paja, angekubeba mgongoni mpaka getini, halafu angebaki kugombana na mlinzi.

Sasa nikukaripie kidogo, vumilia.

Umeniandikia aya nzima juu ya Kicheko, nami nimetoa machozi. Seremala umempa mstari mmoja, tena ukamwita mbishi. Kwa nini? Kwa sababu Kicheko ndiye anayekuunga mkono usiende, na seremala ni shahidi wa upande wa pili, ukamtoa haraka barazani asije akasema. Kicheko alikwenda wakati hata madaktari wenyewe walikuwa wanapapasa gizani. Seremala alikaa nyumbani na kifua kinachobana, na nyumbani ndiko kulikomuua. Wewe unafanana na nani kati ya hao wawili? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe ukifika katikati ya ngazi.

Mimi si daktari na ukurasa huu hautibu mtu. Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu nilimpigia daktari wa moyo ninayemfahamu, si wa hospitali yako, nikamsimulia bila kukutaja. Alinisikiliza, halafu akaniuliza, "Analalia mito mingapi?"

Nikasema mitatu.

"Na miguu?"

Nikasema inavimba.

"Mwambie huyo mama kwamba kimlango kilichokaza hakilegei kwa kusubiriwa," akasema. "Wapo wanaoweza kusubiri janga lipite, yeye hayumo. Tena mwambie, pumzi ikimkata kabla ya siku yake, asingoje siku yake."

Nikamuuliza kuhusu ugonjwa, kwa sababu najua ndilo litakalokuwa swali lako. Hakuniahidi pepo. Hatari ipo, na mimi sitakuficha, maana katika kuficha wewe umeshatutosha wote. Alisema hospitali nyingi sasa wanawatenga wagonjwa wa moyo mbali na wenye ugonjwa, kila anayeingia anapimwa, na wanamrudisha mtu nyumbani mapema wawezavyo. Lakini usinisikilize mimi wala yeye. Mpigie yule daktari wako mfupi, umuulize wodi yako iko wapi, nani anaingia humo, nani anapimwa na lini. Mtu aliyeacha foleni ya watu akakungoja wewe hatachoka na maswali yako.

Kijana wako ni mtoto mwema, lakini upepo huu haujatuambia utapita lini. Kumpenda mtoto kwa sababu kakuambia ulichotaka kusikia ni raha ya siku moja.

Tuje kwa mume wako, kwani hapo ndipo uliponiudhi hasa. Mwanamume aliyekupenda kwa sauti, masikio yamekwisha, sasa anakupenda kwa macho. Wewe ukachukua kile alichobakiwa nacho, ukakigeuzia dirishani. Halafu ukamgeukia ukamdanganya taratibu ili aelewe vizuri! Dada, hata Mama Kimya na viatu vyake vya mpira asingekufanyia hivyo. Unajiambia unamlinda. Unajilinda mwenyewe, unaogopa akijua atasema "nenda," na ukishaambiwa nenda na mtu yule huna tena pa kujificha.

Na hili la simu mbona limekuwa mlima? Nyinyi wawili mlipendana mwaka mzima bila kuonana, leo mnashindwa na siku chache? Simu za leo zina picha. Mwombe binti yako mwalimu aje akae na baba yake, naye utamwambia leo, usimfiche tena. Aje kabla, na nyote mkae ndani msitembeleane na watu mpaka siku ya kwenda. Ukishalazwa, mwambie muuguzi kwamba mume wako anasoma midomo. Mwambie mapema, mwambie kwa kujiamini, kama ulivyokuwa ukiwaambia wakubwa wa maofisi wasubiri laini. Atakuonyesha ni saa ngapi na mahali gani unaweza kushusha barakoa dakika moja mbele ya simu bila kumhatarisha mtu. Muuguzi mwenyewe mwombe habari zako awe anaziandika kwa ujumbe, asipige. Yule mzee ana macho mazima, amesoma vipimo vya ardhi maisha yake yote, ujumbe hautamshinda.

Fanya hivi, na kwa utaratibu huu. Leo, ukimaliza kusoma, mpigie daktari umwambie unakuja. Usianze na mume, nakujua sasa, ukianza na mume mtalia mpaka ofisi ifungwe. Jioni vuta kiti ukae mbele yake, useme ukweli, na usitangulize maelezo. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake na hasira haijamuua mzee wa masikio makubwa. Kesho panga begi.

Usiniandikie kuniuliza tena kama uende. Hilo limekwisha. Niandikie ukirudi.

*

Mshauri, dada yangu,

Uliniambia niandike nikirudi, nimerudi, naandika nikiwa nimekaa kibarazani na jua la asubuhi.

Nilimpigia daktari kwanza kama ulivyosema, akasema, "Nilijua utapiga," akakata kwa sababu alikuwa na mgonjwa. Jioni nikavuta kiti. Mume wangu alikuwa ananoa kisu cha jikoni, akakiweka chini aliponiona nimekaa vile. Nikamwambia, "Hawakuahirisha. Nilikataa mimi."

Akasema, "Rudia."

Nikarudia, mdomo unanitetemeka, nikadhani hakunisoma.

Akasema, "Nilikuelewa mara ya kwanza. Nilitaka kuona kama utarudia." Halafu akaokota kisu akakitazama, akakiweka tena. "Midomo yote huko nje imefunikwa, Saba. Nilikuwa nimebakiwa na mmoja."

Nikafunika uso kwa mikono, hata ningesema asingenisoma. Alinisubiri mpaka nikaitoa. Ndipo akaniuliza begi liko wapi.

Binti yetu alifika siku ya pili, akanikasirikia kwa saa moja kamili na kunifulia nguo kwa wakati huohuo. Kaka yake alipiga kuuliza kama ni yeye aliyenipotosha, nikamwambia hapana, mimi ndiye niliyekwenda kwake kutafuta jibu nililolitaka. Siku ya kwenda mume wangu alinisindikiza hadi getini, mlinzi akaninyooshea kile kipimajoto kwenye paji la uso kama bastola, na mume wangu akabaki upande wa pili wa barabara na kofia mkononi. Nikashusha barakoa nikamwambia maneno machache bila sauti, yeye akaitikia kwa kichwa. Watu wa pale walidhani tumechanganyikiwa. Maneno yenyewe sikuambii.

Wodi ilikuwa kimya, dada, kimya ambacho sikukijua hospitalini, vitanda vimeachana, ukimwona mwenzako anakohoa unageuza uso. Hilo sitakudanganya, nililiona na liliniuma. Lakini muuguzi wangu alivaa ile plastiki angavu mbele ya uso, nilipomweleza habari za mume wangu alinisogeza kitanda hadi dirishani, akafungua dirisha, akasimama mbali akatushikia simu, na mume wangu alipotokea kwenye kioo alikuwa ameishika karibu mno, nikaona sikio tu, nimecheka mpaka mashine yangu ikalia na muuguzi wa pili akaja mbio.

Siku yenyewe hawakunilaza usingizi. Chumba kilikuwa cha baridi, wote wamefunika nyuso, lakini yule daktari mfupi nilimjua kwa sauti. Niliusikia mrija kama mtu anayepita chumba cha pili bila kubisha hodi. Halafu moyo ukaruka, nikaogopa, daktari akasema, "Tulia mama, tumefika," na baada ya muda mfupi nikavuta pumzi moja ambayo ilikwenda chini, ikaendelea kwenda chini, nikashangaa kumbe ndani yangu kuna nafasi yote hiyo. Nililia. Daktari akauliza kama ninaumwa, nikamwambia hapana, nimemkumbuka rafiki yangu.

Ugonjwa sikuupata. Wapo walioupata, na sijioni mjanja kuliko wao.

Niliporudi nyumbani niliambiwa nikae, nisiguse kitu, mume wangu amepika mwenyewe, binti amefukuzwa jikoni. Alikuwa amepokea maagizo ya daktari kwa ujumbe, nipunguziwe chumvi, na ameyashika kama sheria. Akaniwekea sahani, akakaa mbele yangu kunitazama mdomo. Maharage yalikuwa yameungua chini, na hayana chumvi hata chembe. Nilikula yakaisha, nikamwambia aniongeze.